Kipimo cha Saa Kumi na Moja

Amekuja kwa miguu yake mwenyewe, ukiweza kuiita miguu:
anashika ukuta wa korido, bega la dada yake, kisha ukuta tena.
Hrayr. Miaka ishirini na mmoja. Anaitaka kazi ya zimamoto.
"Nimechuchumaa na kuinuka mara elfu, sista,"
na sautini bado imo fahari,
haijaambiwa kwamba sherehe imekwisha.

Ilikuwa juzi, uani, theluji imesukumwa kando kwa beleshi.
Rafiki zake walihesabu kwa sauti.
Mia tano, wakapiga makofi.
Mia nane, mmoja akaingia ndani kutafuta glavu.
Ilipotimia elfu alibaki Mkrtich peke yake, na simu.
Jana hakuweza kukaa chooni.
Leo mapaja yake ni magunia ya unga
yaliyolowa, yakaganda.

Nampa kikopo. Anarudi amekifunika kwa kiganja.
Chai ya jana, iliyosahaulika jikoni.
"Ni damu?" anauliza Nvard, dada yake.
Si damu, mwanangu.
Ni nyama yake. Inatoka.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema,
lakini hiki ki ndani kuliko nguo:
msuli umepasuka, umemwaga vyake vyote njiani,
na figo, wale wachujaji wapole,
wanakabwa koo na vumbi la nyumba yao wenyewe.

Vumbi. Nimelitaja, basi nalijua.
Gyumri, Desemba, nina miaka ishirini na miwili,
na mji umelala chini kabla ya chakula cha mchana.
Siku ya pili tukamfikia Garegin, fundi viatu,
boriti juu ya mapaja, mdomo mzima, unatania:
"Nani atanilipa kodi ya kukaa hapa?"
Tukainua. Tukashangilia. Akaomba sigara.
Sikuwa nimefundishwa
kwamba ile boriti iliyomponda ndiyo iliyoziba sumu,
kwamba mguu ukifunguliwa
damu hurudi nyumbani na chumvi ya misuli iliyokufa
na kuibwaga mlangoni mwa moyo.
Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu.
Sikuwahi kukiwasha.

Baadaye zilishuka ndege na mashine za kusafisha damu,
na madaktari ambao hatukujua hata kuwasalimu.
Walionyesha kwa vidole: maji. Maji kwanza.
Akiwa bado chini ya jiwe, maji.

Kwa hiyo usiniulize mbona mkono wangu una haraka.
Sindano nene, mikono yote miwili.
Dripu ya kwanza, ya pili, sijali anatetemeka,
blanketi lipo.
Kwenye karatasi ya moyo mawimbi yamechongoka kama mahema;
daktari Zaruhi anasukuma kalsiamu polepole,
jicho kwenye skrini, na hasemi neno.
Maabara wanapiga simu: mashine yao imefika mwisho wa kuhesabu,
wanaongeza maji kwenye damu wapime upya.
"Mjaze," Zaruhi ananiambia. "Na kila saa, kipimo."

Saa saba usiku: mililita arobaini. Nyeusi.
Saa nane: thelathini na tano.
Zaruhi anauliza kama chumba cha mashine kiko wazi.
Namjibu kiko wazi. Nilikwisha kuuliza.

"Mtihani ni Jumatatu," anasema Hrayr gizani.
Simjibu. Narekebisha mpira.
"Sista, wao huwa wanachuchumaa mara ngapi?"
Hamsini, nasikia.
Anacheka, kisha paja linamkumbusha asicheke.

Saa tisa: tisini.
Saa kumi: mia moja na sitini.
Saa kumi na moja nauinua mfuko dirishani,
kwenye taa ya barabara, maana alfajiri bado:
mia mbili na themanini, rangi ya asali ya msituni.
Bado si salama. Naandika.
Naandika tena pembeni, kwa herufi kubwa, bila sababu.

Nvard amelala kitini,
viatu vya kaka yake mapajani,
kamba zimefungwa.